Sababu za Pingamizi

Fomu imenipa mistari mitatu.
Nimeandika jina: Mwanamkasi Shee Mbwana.
Nimeandika kijiji: Mwandoni, Jomvu.
Nimeandika nambari ya kiwanja mnachokiita
"ardhi tupu, haina matumizi",
mistari ikaniishia, nami sijaanza.

Basi nageuza karatasi.

Tupu, mwasema.
Juzi alfajiri niliingia humo na ungo
nikatoka na mnavu, na mwangani,
na majani ya kunde yaliyojiotea.
Wakala watu sita, na paka.
Tupu ni kibeti changu.
Konde lina mbuzi wa Bi Fatu,
lina magoli mawili ya vijiti,
na huko chini, kwenye mikoko, mizinga kumi na minne ya kikundi chetu.
Asali yake ina chumvi kidogo,
ukiionja utadhani nyuki wamefiwa.

Tangazo lenu mlilipigilia msumari kwenye mkanju,
kwa Kiingereza, herufi za sisimizi.
Siku ishirini na moja, mlisema.
Siku ya tisa likalowa mvua,
la pili hamkulileta.
Aliyetusomea ni mtoto wa darasa la saba.
Alikwama kwenye neno moja, akaliruka.
Nashuku neno hilo ndilo lililobeba ardhi yetu.

Kisha mkaja na hema, viti vya kukodi, soda baridi.
Mkatuonyesha picha: majengo sita, ghorofa nane nane,
watoto wasio na kamasi wakiendesha baiskeli
chini ya minazi isiyo na hata kuti moja kavu.
Nikakitafuta kijiji chetu.
Mahali petu pamepakwa rangi ya kijani,
juu yake mmeandika: bustani ya mapumziko.

Bwana mpimaji, njoo siku ya bamvua.
Viatu viache garini.
Utayaona maji yakipanda mkono wa bahari,
yakipita mizizi ya mikoko mmoja mmoja
kama mgeni anayepiga hodi,
hadi kondeni. Hapo hutua,
hupumua, hurudi.
Konde ndiyo baraza yake.
Mkiijaza kifusi, maji hayatagombana nanyi,
hayatajaza fomu.
Yatakuja kwetu usiku, kimya,
yaketi kitandani kwa Bi Fatu.
Maji hayasomi ramani, Bwana.
Yanakumbuka tu.

Sasa lile zito.
Mwanangu Bwanaheri ni fundi wa plasta.
Amepanga chumba Mikindani,
choo kimoja, watu kumi na wanane.
Usiku wa mkutano wenu hakula.
"Mama," akaniuliza, "sisi tulale wapi?"
Sikuwa na jibu. Nikampakulia tena,
akaisukuma sahani.
Nikamwambia, kaulize bei.
Akarudi na karatasi inayong'aa,
tukahesabu juu ya mkeka, kwa kalamu hii hii:
plasta ya siku, toa nauli, toa unga, toa kodi.
Sebule angeimaliza akiwa na miaka mia na mitatu.
Jikoni, angelingojea akhera.
Tulicheka. Halafu tukanyamaza muda mrefu.

Kwa hiyo andikeni vizuri: sikatai nyumba.
Msije mkasema Mwandoni hawataki watu walale.
Kule Changamwe kuna maghala yametoboka mabati,
wapangaji wake ni popo.
Jengeni huko, kwa bei ya mpiga plasta,
nitakuja mimi mwenyewe kuteka maji ya zege,
na goti langu hili bovu.

Karani hapa dirishani ananiambia,
"Mama, nyuma ya fomu haisomwi."
Haya. Nipe nyingine.
Na ya Bi Fatu, nitamwandikia, dole gumba analo.
Na ya wale wa mpira.
Na ya mtoto wa darasa la saba,
aliulizie lile neno.
Anahesabu. Zimebaki thelathini na nane.
Nipe zote.
Na kalamu, mwanangu, hii inaisha wino.